Kuoanisha variabo za awamu zote kwenye paneli ya kaya: afya inadondoka 1999 na 2004, shida iko wapi?

chipukizi_takwimu

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa waliowahi kushughulika na data za paneli (zile ambazo watu wale wale wanahojiwa tena na tena, kila duru ikiitwa awamu).

Natumia data za Uingereza, yaani BHPS (British Household Panel Survey) kuanzia 1991 hadi awamu ya 18, halafu nimeziunganisha na Understanding Society, utafiti ulioirithi, ulioanza 2009. Ninachotaka kujua ni kwamba mtu akipoteza kazi afya yake inakwendaje miaka inayofuata. Kwa hiyo nahitaji variabo chache tu ziwe na maana ile ile mwanzo mpaka mwisho: afya (ile mtu anayojipima mwenyewe), hali ya ajira, elimu, mapato ya kaya, na kuridhika na maisha.

Nimeandika lupu (amri zinazojirudia) kwenye Stata, ile programu ya takwimu, inafungua faili la watu la kila awamu, inakata zile herufi za mbele (a_ b_ c_, na upande wa BHPS ba_ bb_ na kuendelea), inarundika yote chini kwa chini, basi. Pale ambapo jina halikufanana nilisoma lebo, nikiona inasema afya naiingiza humo humo. Rigresheni inakimbia vizuri haina kelele. Ila nilipochora grafu ya wastani wa afya kwa kila mwaka ndo nikakuta vituko: 1999 afya ya nchi nzima inadondoka kwa mkupuo, 2000 inarudi kama hakijatokea kitu, 2004 inadondoka tena na kurudi, halafu ikifika Understanding Society inadondoka na haipandi tena. Sasa ni ugonjwa gani uliopiga 1999 na 2004 tu?

Mengine mawili. Kwenye hali ya ajira awamu za karibuni zina namba 12 na 13 ambazo hazina lebo yoyote. Na nikijaribu kuifuata kaya kwa hidp (namba ya kitambulisho cha kaya) naona kila kaya inatokea awamu moja tu, kama vile kila awamu wamehoji kaya mpya kabisa. Hii ni paneli kweli?

mzee_wa_paneli

Ni paneli mkuu, tulia. La kaya nawaachia wengine, mi nianze na afya maana ndo penye nyama.

Ulichokiona sio ugonjwa, ni dodoso. Kwenye BHPS awamu karibu zote mtu aliulizwa afya yake ilikuwaje kwa miezi 12 iliyopita akijilinganisha na watu wa umri wake, na majibu yalikuwa bora kabisa, nzuri, ya wastani, mbaya, mbaya sana. Awamu ya 9 (ndo 1999 hiyo) na ya 14 (2004) wakaingiza kifurushi cha maswali ya afya kinachoitwa SF-36, na swali la afya likaja na majibu mengine: bora kabisa, nzuri sana, nzuri, ya wastani, mbaya. Zote zina majibu matano, zote zinaanzia 1 kuishia 5, na ndo maana kompyuta haikupiga kelele. Lakini ona, "nzuri" ya zamani ni namba 2 na "nzuri" ya SF-36 ni namba 3, "ya wastani" nayo imetoka 3 ikaenda 4. Mtu yule yule na afya ile ile kasogea namba moja kwenda kwenye ubaya bila kuumwa chochote. Ukipiga wastani wa namba unapata taifa zima limeugua mwaka mmoja likapona mwaka unaofuata. Na Understanding Society wanatumia SF-12, toleo fupi la SF-36, ambayo swali lake la afya ni hilo hilo la SF-36, ndo sababu huko mstari unashuka na kubaki chini.

Dawa ambayo wengi wanaitumia ni kukunja majibu yawe makundi manne yanayokutana: bora kabisa inabaki peke yake, "nzuri" ya zamani unaipanga na "nzuri sana" pamoja na "nzuri" za SF, wastani kwa wastani, "mbaya" na "mbaya sana" za zamani unaziweka kapu moja na "mbaya" ya SF. Ukishafanya hivyo chora tena ile grafu, ila safari hii usichore wastani, chora asilimia ya kila kundi kwa kila mwaka, maana wastani unaficha mambo.

Halafu kitu cha jumla, na hiki sikisemi kwa ajili ya afya tu. Kabla ya kuandika lupu yoyote fungua jedwali la kawaida tu, mstari mmoja kwa kila variabo na safu moja kwa kila awamu, ndani ya kila kisanduku andika jina la variabo, swali lilivyosomeka, majibu na namba zake, nani aliulizwa, na aliulizwa kwa njia gani (mdadisi ana kwa ana, simu, karatasi, wavuti). Hilo la nani aliulizwa ndo watu wanalisahau kuliko yote. Swali linaweza kuwa lile lile neno kwa neno lakini awamu moja limeulizwa kwa wote na awamu nyingine limeulizwa kwa walioajiriwa tu, ukiunganisha unapata badiliko ambalo ni la njia ya dodoso sio la maisha ya watu. Kujaza jedwali hilo kunachosha sana, hilo sikufichi, lakini hamna njia ya mkato, lebo ya variabo ni maneno mawili matatu tu na haiwezi kubeba hayo yote.

Zuhura_D

Naomba nimpinge mzee kidogo kwa heshima zote.

Kukunja makundi kunatibu namba, hakutibu swali. Swali la zamani linasema ujilinganishe na watu wa umri wako. Swali la SF halimlinganishi mtu na yeyote, linauliza kwa ujumla afya yako ikoje. Mzee wa miaka 75 anayetembea kwa fimbo akijilinganisha na wenzake wa 75 atasema "nzuri" na hajadanganya, ukimuuliza kwa ujumla atasema "ya wastani" na hapo pia hajadanganya. Kijana wa 25 maswali yote mawili atajibu karibu sawa. Maana yake pengo kati ya matoleo mawili linakua kadiri umri unavyoongezeka, na hilo hulifuti kwa kukunja makundi wala kwa kuweka dami ya mwaka (variabo ya 0 au 1), kwa sababu dami ya mwaka inasogeza watu wote kwa kiasi kimoja. Angalau ingebidi uweke toleo la swali likizidishwa na umri.

Na kuna la pili, watu hawajibu neno tu, wanajibu na mahali neno lilipokaa. "Nzuri" ikiwa ya pili kwenye orodha sio "nzuri" ikiwa katikati kabisa. Kwa hiyo hata lile kapu la "nzuri sana pamoja na nzuri" halina uhakika kwamba linabeba watu wale wale.

Kwa kazi yako ya kupoteza ajira ningefanya hivi: sivuki mpaka. BHPS bila awamu ya 9 na 14 inakuwa uchambuzi mmoja, Understanding Society peke yake uchambuzi wa pili, unalinganisha matokeo ya mwisho badala ya kulinganisha majibu ya mtu 2008 na majibu yake 2010. Hasa kama modeli yako inamlinganisha mtu na yeye mwenyewe, maana hapo kila badiliko linahesabiwa, na badiliko la dodoso litaingia kama badiliko la afya.

mzee_wa_paneli

Zuhura umesema kweli kuhusu umri, hapo sina ubishi. Ila kutupa awamu ya 9 na 14 nako kuna gharama yake. Aliyepoteza kazi 1998 tunataka kumwona 1999, ukitupa unamwona 2000, na afya baada ya kupoteza kazi inaweza kushuka mwaka wa kwanza ikarudi wa pili, utaikosa yote. Halafu watu wake wengi ni wa umri wa kufanya kazi, sio wa 75, kwa hiyo pengo la umri litakuwa dogo kuliko unavyolihofia. Sio sifuri, dogo.

Mi ningeendesha zote mbili, ya makundi manne yenye toleo likizidishwa na umri, na ya kutovuka mpaka. Zikikubaliana andika moja weka nyingine kwenye kiambatisho. Zikipingana basi hilo lenyewe ndo tokeo na usilifiche.

Na kabla ya yote piga jedwali la mtu kwa mtu: majibu ya 1998 kwenye mistari, majibu ya 1999 kwenye safu, watu wale wale waliohojiwa miaka yote miwili. Halafu pembeni yake 1997 na 1998, ambako swali halikubadilika. Ukiona jedwali la pili watu wengi wamekaa kwenye mshazari na la kwanza kundi zima la "nzuri" limegawanyika mara mbili, basi umeona kwa macho kiasi gani cha mabadiliko ni dodoso. Hicho kipimo kinafaa kwa variabo yoyote sio afya tu.

Kingine ambacho mleta mada hujakitaja, watu wa BHPS hawakuhojiwa kwenye awamu ya 1 ya Understanding Society, waliingizwa kuanzia awamu ya 2. Kwa hiyo kati ya awamu ya 18 na kurudi kwao kuna shimo, na shimo lenyewe limeangukia 2009, mwaka wa mdororo wa uchumi, mwaka ambao watu walipoteza kazi kwelikweli. Kwa mada yako hilo sio jambo la tanbihi.

skripti_safi

Nijibu ya kaya na lebo.

hidp sio kitambulisho cha kudumu mkuu, kinatolewa upya kila awamu. Na sio uzembe, ni kwamba kaya haina uhai wa kufuatilika. Mume na mke wakiachana, kila mmoja akaoa au kuolewa kwingine, mtoto akaenda kupanga na marafiki, kaya ya 1991 ni ipi kati ya hizo tatu? Hakuna jibu ambalo kila mtu atalikubali, kwa hiyo anayefuatiliwa ni mtu. pidp, namba ya mtu, ndo haibadiliki, na kwenye toleo lililooanishwa inakwenda mpaka BHPS. Unachofanya ni kwamba ndani ya kila awamu unaunganisha faili la kaya na faili la watu kwa hidp ya awamu hiyo, mapato ya kaya yanakuwa sifa ya mtu, ndo unarundika awamu na kufuata pidp. Ukitaka kusema "kaya hii mapato yake yalipanda" geuza sentensi iwe "mtu huyu anaishi kwenye kaya ambayo mapato yake yalipanda", na hapo hapo utajua kama ni mapato yaliyopanda au ni yeye aliyehama.

Namba 12 na 13. Hizo ziliongezwa wakati wa Korona, 12 ni waliokuwa kwenye furlo (wamepumzishwa kazi kwa muda huku serikali ikisaidia kulipa mshahara) na 13 ni waliosimamishwa kwa muda au kupunguziwa saa. Hazina lebo kwako kwa sababu Stata ikirundika mafaili inabaki na lebo ya faili la kwanza, na faili lako la kwanza halikuwa na furlo. Hapo una bahati maana umeona namba tupu ukashtuka. Hatari ni pale namba ile ile ina maana mbili kwenye awamu mbili, hapo lebo ya awamu ya kwanza inakaa juu ya zote na inaonekana safi kabisa. Ndo maana mimi huwa naondoa lebo zote kabla ya kurundika halafu natunga lebo zangu mwishoni:

local n = 0
foreach w in a b c d e f g h {
    use pidp `w'_hidp `w'_jbstat `w'_intdaty_dv using `w'_indresp, clear
    rename `w'_* *
    local ++n
    gen awamu = `n'
    label values jbstat .
    save muda_`n', replace
}

Hapo unaongeza herufi mpaka awamu yako ya mwisho. Na usivute faili zima, taja variabo unazozihitaji, ikikosekana moja lupu inasimama na hiyo ni faida kwako, inakulazimisha kwenda kuangalia kwa nini haipo.

Furlo uiweke wapi? Mpango ule ulianza Machi 2020 ukaisha Septemba 2021, na mtu aliyekuwemo bado alikuwa na mwajiri na mshahara wake mwingi ulikuwa unalipwa. Kwa swali lako la kupoteza kazi mi ningemweka na walioajiriwa, lakini weka dami yake pembeni ili uweze kumtoa ukitaka.

Halafu namba hasi, hujasema umezifanyaje na naogopa kuuliza. -9 ni imekosekana, -8 haimhusu, -7 aliyejibiwa na mtu mwingine kwa niaba yake, -2 kakataa, -1 hajui. Watu wanazifuta zote kwa mkupuo zinakuwa nukta (alama ya Stata ya jibu lisilokuwepo), wanaendelea na maisha. -8 usiifute kabla hujaisoma. Kwenye saa za kazi kwa wiki, -8 ya mtu asiye na kazi kwa madhumuni mengi ni sifuri. Kwenye idadi ya sigara kwa siku, -8 ya asiyevuta ni sifuri. Ukiigeuza nukta, siku anaacha kuvuta anatoweka kwenye data, na uchambuzi wako unabaki na wavutaji tu. Stata ina nukta zenye herufi, .a .b .c, tumia hizo utenganishe sababu.

chipukizi_takwimu

Aisee asanteni sana, hili la -8 nimelikuta kwenye saa za kazi hivyo hivyo lilivyosemwa. Jedwali la 1998 na 1999 nimelipiga pia, "nzuri" ya zamani imegawanyika vibaya mno, nyingi imeenda "nzuri sana" na "nzuri" lakini kuna kipande sio kidogo kimeenda "wastani" moja kwa moja. Kwa hiyo naona Zuhura ana hoja.

Sasa elimu na mapato. Elimu naona mtu ana shahada awamu ya 1, awamu ya 2 mpaka ya 5 ana -8, je ndo kusema hana elimu? Na mapato nimekuta majina mawili matatu tofauti sijui nichukue lipi.

Zuhura_D

Elimu: hapana, usimnyang'anye shahada yake hahaha. Mtu akishahojiwa mara ya kwanza, awamu zinazofuata anaulizwa tu kama amepata cheti kipya tangu mahojiano yaliyopita. Kama hana kipya swali la cheti haliulizwi, linakuwa -8. Kwa hiyo variabo ghafi ya elimu inabidi uibebe mbele kutoka awamu ya nyuma, au utumie iliyokwisha kutengenezwa, hiqual_dv, ambayo imeshabebwa (1 shahada, 2 elimu nyingine ya juu, 3 ngazi ya A-level, 4 ngazi ya GCSE, 5 vyeti vingine, 9 hana cheti, na usiidhanie 9 ni kubwa kuliko 5 ukaiweka kwenye rigresheni kama namba). Kwa ujumla jina linaloishia _dv ni variabo waliyoitengeneza wenyewe kutokana na majibu kadhaa, na mara nyingi imeoanishwa kuliko utakavyooanisha wewe, ila bado soma ilivyotengenezwa.

Ukimaliza fanya ukaguzi wa mambo ambayo hayawezi kutokea. Kiwango cha juu cha elimu hakishuki. Aliyewahi kuoa au kuolewa harudi kuwa "hajawahi". Umri hauruki miaka mitatu kati ya mahojiano mawili yaliyopishana mwaka. Mwaka wa kuzaliwa haubadiliki, na kwa vitu vya kudumu kama huo na jinsia chukua kwenye faili la xwavedat badala ya kuchagua awamu mojawapo. Kwenye ndoa kumbuka na sheria zilibadilika, ubia wa kiraia wa watu wa jinsia moja ulianza Desemba 2005 na ndoa zao England na Wales Machi 2014, kwa hiyo orodha ya majibu ya 1991 haiwezi kulingana na ya leo hata dodoso liwe zuri vipi.

Ukikuta wanaokiuka usiwasahihishe kwa nguvu, waandike kwenye variabo ya alama kwamba huyu ana mgongano, halafu uone ni wangapi. Wakiwa wachache wasikusumbue. Wakiwa wengi kwenye awamu moja, hapo tatizo sio watu, rudi kwenye dodoso la awamu hiyo.

skripti_safi

Mapato sasa. Upande wa Understanding Society mapato ya kaya kwa mwezi baada ya makato ni fihhmnnet1_dv, iko kwenye faili la kaya. Kwenye faili la kaya la BHPS utakutana na mapato kabla ya makato, fihhmn, na yale ya baada ya makato yalitengenezwa na kutolewa kama dataseti ya pembeni. Kwa hiyo ukichukua kinachoonekana kinafanana kwa jina unalinganisha mshahara kabla ya kodi na mshahara baada ya kodi, na hapo utaona umaskini umeongezeka ghafla 2009 utaandika na makala kabisa.

Pili ni mfumuko wa bei. Watu wengi wanachukua faharisi ya bei ya mwaka mmoja kwa kila awamu. Awamu moja ya Understanding Society inachukua miezi 24 uwanjani, na awamu mbili zinapishana, kwamba wakati wengine wanamalizia awamu ya 1 wengine wameshaanza ya 2. Kwa hiyo ndani ya awamu moja kuna waliohojiwa mwaka mmoja na waliohojiwa mwaka wa pili. Gawanya kwa faharisi ya mwezi aliohojiwa mtu, tarehe zipo, intdatm_dv na intdaty_dv. Hiyo hiyo ndo sababu grafu yako ya miaka usiichore kwa namba ya awamu.

Tatu, ukubwa wa kaya. Kuna ieqmoecd_dv, ile skeli ya OECD iliyorekebishwa, mtu mzima wa kwanza 1, kila mwingine wa miaka 14 na zaidi 0.5, kila mtoto chini ya 14 ni 0.3. Gawanya mapato kwa hiyo. Angalia tu usiwe unatumia skeli nyingine upande wa BHPS, maana kuna zaidi ya moja kwenye haya mafaili.

msomaji_wa_soep

Nimechelewa kwenye mjadala ila nichangie kutoka upande wa Ujerumani. SOEP, paneli ya kaya ya huko, ipo tangu 1984 na tatizo ni hili hili. Kwenye mafaili yao marefu walichofanya ni kwamba swali likibadilika hawalifuti la zamani, wanaweka matoleo pembeni kwa pembeni, jina linaishia _v1, _v2, halafu ile iliyooanishwa inaishia _h. Naona ni utaratibu wa kuigwa na mtu yeyote hata kama data zake sio za kwao. Kwa mleta mada ingekuwa afya_v1 kwa swali la umri wako, afya_v2 kwa la SF, afya_h kwa makundi manne. Anayesoma skripti yako baadaye anaona mshono uko wapi, na Zuhura na mzee kila mmoja anachukua anayoiamini.

Pia kuna CNEF (Cross-National Equivalent File), ambako wameoanisha BHPS, SOEP, PSID ya Marekani, HILDA ya Australia na nyingine kwenye variabo chache za pamoja. Ukihitaji kulinganisha nchi anzia huko usirudie kazi. Ila kwa swali moja la nchi moja nadhani utabanwa, kwa sababu ili variabo ikubalike nchi zote imekatwa kila pembe, inabaki na kile ambacho wote wanacho tu.

Na kuridhika na maisha hakuna aliyekujibu. BHPS walianza kuiuliza awamu ya 6 (1996), na awamu ya 11 (2001) haimo. Usiijaze 2001 kwa wastani wa 2000 na 2002, iache tupu. Skeli ni 1 hadi 7 pande zote mbili, lakini maneno hayafanani, kwenye BHPS ncha ndo zina maneno na namba nyingi za kati hazina, kwenye Understanding Society kila namba ina neno lake. Halafu na njia: Understanding Society awamu ya 1 na 2 hiyo sehemu ya kujijazia ilikuwa kwenye karatasi, kuanzia ya 3 mtu anajaza kwenye kompyuta ya mdadisi, baadaye wengi wakahamia wavuti. Mtu akiwa na mdadisi sebuleni anajipamba kidogo, akiwa peke yake anasema ukweli zaidi. Weka variabo ya njia kwenye modeli, kazi yake ni mstari mmoja tu.

chipukizi_takwimu

Nimeelewa, naenda na _v1 _v2 _h. Swali la mwisho kabisa, uzito (ile namba ya kila mtu inayofanya sampuli iwakilishe nchi). Nikirundika awamu zote naweka uzito upi, wa kila awamu au wa kwanza?

mzee_wa_paneli

Inategemea unahesabu nini. Ukiwa unataja hali ya nchi mwaka mmoja mmoja, uzito wa awamu hiyo, unaoishia _xw. Ukiwa unafuata mtu kutoka awamu hadi awamu, unaoishia _lw, na unachukua wa awamu ya mwisho kwenye uchambuzi wako, sio wa kwanza, kwa sababu ndo uliobeba marekebisho ya walioacha njiani. Angalia na herufi za katikati, us ni sampuli iliyoanza na Understanding Society awamu ya 1, ub inajumuisha na watu wa BHPS kuanzia awamu ya 2, ui inaongeza sampuli ya nyongeza ya wahamiaji na makabila madogo kuanzia awamu ya 6. Ukichanganya us na ub kwenye modeli moja umeharibu.

Ubaya wa _lw ni kwamba aliyekosa hata awamu moja katikati hana uzito, anatoka. Kwa mada yako hilo linauma maana anayepoteza kazi ndo huyo huyo anayehama nyumba na kukosekana awamu inayofuata. Kabla ya kuamua, hesabu kwanza ni wangapi kati ya waliopoteza kazi wanabaki ukitumia _lw, linganisha na wanaobaki kati ya wasiopoteza. Pengo likiwa kubwa fungua uzi mwingine tuongee, kwa sababu hilo haliko tena kwenye kuoanisha variabo.